Kuku Wamepona, Watoto Wanatetemeka

Wiki iliyopita tulimwacha Mwamvua amesimama mbele ya kijiji kizima cha Tushikamane, kata ya uji mkononi, na Mwenyekiti Kasian anamwambia: "Kama ni safi, kunywa wewe kwanza."

Alikunywa.

Hakuonja kwa ncha ya ulimi kama mtu anayeogopa. Alijaza bakuli la bati mpaka ukingoni, akalimaliza, akalifuta ndani kwa kidole, akakilamba kidole. Kisha akaligeuza bakuli juu chini ili hata walio nyuma waone.

"Haya," alisema. "Nimekunywa. Mnataka nife hapa hapa, au nikamfunge mbuzi wangu kwanza?"

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wamechoka.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani: Tushikamane ni kijiji cha ujamaa kando ya reli, kati ya Kilosa na Mikumi. Watu wa mlimani waliteremshwa, watu wa bondeni wakasogezwa, wote wakapangwa katika mistari ya nyumba kama askari. Mwamvua ni mjane wa bondeni. Ndiye mpishi wa uji wa chekechea. Sasa watoto wanaugua. Wanatokwa na mate, wanatapika, wanatetemeka kama waliotoka mtoni asubuhi ya baridi. Na anayeumwa kuliko wote ni Elizabeti, binti wa Mwenyekiti mwenyewe.

Basi kijiji kilikaa kikamtazama Mwamvua afe.

Jua likapanda. Mwamvua akapiga miayo.

"Mwenyekiti," alisema Bibi Joha, kikongwe wa bondeni ambaye mdomo wake haujawahi kulala, "mimi naona huyu ameshiba tu. Mwongezeni bakuli la pili, labda la kwanza limepotea njia."

"Anayo kinga!" ilipazwa sauti kutoka upande wa watu wa mlimani. "Mpika sumu hafi kwa sumu yake!"

Umeona, msomaji? Angekufa, wangesema alikuwa na hatia. Hakufa, wanasema ana hatia zaidi.

Kasian alisimama. Ni mtu mrefu, aliyesoma misheni, mwenye suti ya kola ya Kichina iliyopigwa pasi hata siku ya matope. Mkono wake wa kulia hukaa mfukoni daima. Watu wa bondeni husema ni maringo. Watu wa mlimani husema ni heshima ya cheo.

"Gabrieli," alimwita mgambo. "Mpeleke ofisini. Landrova ya polisi inafika leo adhuhuri kutoka Kilosa. Atajieleza huko."

Mwanamke aliyeshtakiwa kuwapa watoto sumu, akipanda Landrova hiyo, harudi upesi. Pengine harudi. Kila mtu pale alilijua hilo, na Mwamvua alilijua kuliko wote.

Hakupinga. Alivua kanga yake ya juu, akaifunika sufuria nzi wasiingie.

"Bibi Joha, uji uliobaki usimpe mtu."

"Kwani una nini?"

"Sijui una nini. Nimechoka tu kuulizwa."

*

Zahanati ya Tushikamane ina chumba kimoja, kitanda kimoja, na tabibu mmoja, Simoni, mtu mfupi mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kwenye kitanda alilala Elizabeti. Kando yake alikaa mama yake, Yudith, ameshika kitambaa ambacho hakikuwa na kazi tena.

"Nilimchoma sindano ya kukausha mate," alisema Simoni. "Tazama mto. Mkavu."

"Namshukuru Mungu."

"Usishukuru bado, Mama Eliza. Tazama mikono."

Mikono ya mtoto ilikuwa inatetemeka juu ya shuka. Simoni akagonga kikombe cha bati kwa kijiko, polepole, ting. Mtoto akaruka kama aliyepigwa.

Simoni akaweka kijiko chini.

"Mate na tumbo ni dalili ya dawa moja ya wadudu. Mtetemeko na kushtuka ni dalili ya dawa nyingine. Sindano yangu inaijua ile ya kwanza. Hii ya pili haiijui kabisa. Mtoto huyu amekula dawa mbili, labda tatu, kidogo kidogo, kwa muda mrefu."

"Katika uji wa Mwamvua."

"Hapo ndipo ninaposhindwa. Mtu mwenye chuki hatii sumu kidogo kidogo. Mwenye chuki hutia mara moja, akakimbia." Akajifuta uso. "Niambie, mara ya mwisho alikunywa lini uji wa chekechea?"

Yudith aligeuka. Macho yake yalikwenda dirishani. Nje, Gabrieli mgambo alikuwa akimpitisha Mwamvua kuelekea ofisini, yeye mbele na bunduki nyuma. Mwamvua alipofika usawa wa dirisha alisimama.

"Mama Eliza," aliita. "Mtoto hajambo?"

Swali la kawaida kabisa. Jirani kwa jirani.

Yudith alikikunja kitambaa magotini. Gabrieli akasema, "Tembea, mama," na Mwamvua akatembea.

"Nimekuuliza," alisema Simoni. "Lini?"

"Hajanywa."

"Hajanywa leo?"

"Hajanywa hata siku moja."

Simoni akakaa juu ya ndoo, kwa sababu kiti hakikuwapo.

"Kila asubuhi nilimtoa kwa mlango wa mbele, baba yake amwone anakwenda chekechea," alisema Yudith. Alikuwa akizungumza na kitambaa. "Halafu nilimpokea kwa mlango wa uani. Alikula jikoni kwangu."

"Kwa nini?"

"Mama yangu alinilea hivyo. Kwamba chungu cha watu wa bondeni… Daktari, usinilazimishe kulisema. Mume wangu anahubiri umoja kila Jumatatu. Ningemwambia nini? Kwamba mkewe hataki mtoto wake ale katika mkono wa Mwamvua?"

"Umekaa hapa ukimwona mwenzako anapelekwa polisi."

"Nimekaa."

Hakulia. Kuna uchovu ambao machozi yake yalikwisha zamani.

Simoni naye hakumgombeza. Nguvu za kugombeza hakuwa nazo.

"Basi mtoto alikula nini kwako?"

"Tunachokula sote. Dona la mashine."

"Mahindi ya wapi?"

"Ya ghala la kijiji. Nani ana mengine?"

*

Hodi ikapigwa, na kabla ya karibu kutoka Bibi Joha akawa ndani, jogoo kwapani.

"Shikamoo, bibi," alisema Yudith.

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje? Nimeleta mchuzi wake, bado una manyoya."

"Kuku?" Simoni alishangaa. "Si ulisema kuku wako wote walikwisha kwa mdondo?"

"Walikwisha wa kwanza. Hawa wapya hawafi! Tangu mashine ianze kusaga, kuku wangu wamenenepa mpaka wananitukana. Ninayeumwa sasa ni mimi. Kichwa kinazunguka, vidole vinakufa ganzi. Nipe kidonge, daktari, jogoo abaki hapa."

Simoni alimtazama jogoo. Jogoo alimtazama Simoni.

"Bibi Joha. Kabla ya mashine, kuku ulikuwa unawapa nini?"

"Pumba! Kwani wewe umezaliwa mjini? Nilikuwa natwanga, nakoboa. Pumba za kuku. Mahindi naloweka mpaka yalainike, naosha, naanika, natwanga tena, unga mweupe kama pamba. Sasa mashine yenu haikoboi, inasaga kila kitu. Pumba zangu nazila mwenyewe, kuku wanajitafutia panzi." Akacheka kwa fizi. "Ndiyo maendeleo. Zamani wao walikula maganda, mimi nikala kiini."

Alipoona hakuna anayecheka, alinyamaza, na Bibi Joha kunyamaza ni jambo la kuandikwa gazetini peke yake.

"Walikufaje, wale wa kwanza?" aliuliza Simoni.

"Si mdondo? Walitetemeka, wakazungusha shingo, wakatokwa na ute mdomoni…"

Akamtazama mtoto kitandani. Jogoo akamtoka kwapani.

"Ee Mola wangu," alisema.

*

Sasa, msomaji, tusikimbie sana, maana hapa ndipo kijiji kilipojikwaa, na hakikujikwaa kwa ubaya.

"Mahindi ya akiba unayatia nini?" Simoni alimuuliza Yudith.

"Dawa, kama kila mtu. Fukusi wasiyale."

"Dawa gani?"

"Sisi wa mlimani zamani hatukutia kitu. Tuliyaning'iniza juu ya moto, moshi ukayalinda. Nyumba za hapa hazina dari. Basi Baba Eliza alipata ile ya maji, ya mashamba ya mkonge."

"Na wewe, bibi?"

"Mimi DDT, unga mweupe wa pamba. Jirani yangu hutia ile ya josho la ng'ombe, inanuka vibaya lakini inaua vizuri."

"Kiasi gani?"

Wanawake wawili walitazamana. Mmoja wa mlimani, mmoja wa bondeni, na kwa mara ya kwanza tangu wahamishwe walikuwa na siri moja.

"Mwaka wa kwanza wa ghala," alisema Yudith taratibu, "watu wa bondeni walisema mahindi yetu ndiyo yaliyoleta fukusi."

"Nasi mkatuambia ni yetu," alisema Joha. "Mkatutungia na wimbo."

"Kwa hiyo mwaka huu…"

"Mwaka huu nilitia mara mbili," alisema Joha. "Nani anataka mahindi yake yawe ndiyo yaliyoharibu ghala la watu?"

"Mimi nilitia mara tatu," alisema Yudith.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila nyumba iliogopa aibu. Kila nyumba ilitia dawa yake mpaka fukusi akakosa pa kuweka mguu, ikapeleka gunia safi ghalani, kichwa juu. Huko ghalani yote yakamwagwa lundo moja, kwa kuwa ghala ni la wote. Na kamati ya ghala, isiyojua nani ametia nini, ikanyunyizia tena ili kuwa na hakika.

Zamani aliyetia dawa alikula yake mwenyewe, moja, iliyokobolewa, iliyolowekwa na kuoshwa. Sasa kila mtu anakula dawa za wote.

"Mgeni mmoja mkorofi mwili unaweza kumtoa," alisema Simoni. "Wakija watatu kwa pamoja, mwili unamshika huyu, yule anavunja mlango. Na watoto ndio wenye mlango mwembamba." Akasimama kutoka kwenye ndoo. "Na mnajua nani aliyewaambia muache kukoboa? Mimi. Nilisimama mkutanoni nikasema dona lina nguvu, pumba ni afya, msiwape kuku. Nilipigiwa makofi."

"Nilipiga na mimi," alisema Joha kwa huruma. "Ulisema vizuri sana."

*

Ofisi ya kijiji iko mbele ya nyumba ya mashine. Siku nzima inasikia tu-tu-tu-tu, na Kasian aliwahi kusema kwamba kwake sauti ile ni tamu kuliko kinanda cha kanisani.

Walimkuta mezani. Mwamvua alikaa kwenye benchi ukutani, amekunja mikono. Gabrieli alikuwa mlangoni anasinzia na bunduki yake.

Simoni alieleza yote: sindano, kuku, pumba, ghala. Kasian alisikiliza hadi mwisho bila kupepesa jicho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mashine ile tuliilimia pamba misimu mitatu. Watu hawakuvaa nguo mpya. Watu walibeba mawe ya msingi kichwani, wa mlimani na wa bondeni, siku hiyo tu ndiyo niliyowaona wakiimba wimbo mmoja. Unataka nikasimame niseme inasaga sumu?"

"Mashine haina kosa, Mwenyekiti. Ni mahindi."

"Wao hawatasikia mahindi. Watasikia mashine. Kesho kutwa itapakiwa lori kupelekwa kijiji kingine, na sisi tutarudi kugombana kuhusu fukusi."

"Baba Eliza," alisema Yudith.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hata Gabrieli aliamka.

"Mtoto hajawahi kunywa uji wa Mwamvua. Nilimficha. Nilimlisha mwenyewe jikoni. Sumu aliyokula ameila mkononi mwangu."

Alingoja kupigwa, au kufokewa. Alikuwa tayari kwa yote mawili.

Kasian alishusha pumzi kama mtu anayetua mzigo mahali pasipofaa.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nilikuona tangu wiki ya kwanza. Mlango wa uani hulia, Mama Eliza. Nilinyamaza. Mwenyekiti wa umoja, mkewe anabagua chungu! Ningekukanya, ungebisha, majirani wangesikia."

Mashine, msomaji, iliendelea tu-tu-tu-tu.

Aliyesema kwanza ni Mwamvua, kutoka benchini.

"Mwenyekiti. Hebu toa mkono."

"Mkono gani?"

"Wa mfukoni. Tangu niletwe hapa umefungua mlango kwa kushoto, umekunywa maji kwa kushoto. Gabrieli umempa ufunguo kwa kushoto, na watu wa mlimani hamumpi mtu kitu kwa kushoto hata awe mwizi. Toa."

Kasian alimtazama mkewe. Alimtazama tabibu. Halafu, polepole, aliutoa mkono wake wa kulia mfukoni na kuuweka juu ya meza.

Mkono ulikuwa unapepeta hewa. Vidole vilicheza juu ya mbao, trrr, trrr, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Aliushika kwa mkono wa pili ili utulie, na mkono wa pili nao ukaanza.

"Baba Eliza!" alipiga kelele Yudith. "Tangu lini?"

"Tangu watoto waanze."

"Na wewe hunywi uji wa chekechea," alisema Mwamvua.

"Sinywi."

"Kwa hiyo ulijua si mimi."

"Nilijua si wewe. Sikujua ni nini. Watu walitaka jibu siku ile, na wewe ulikuwa umeshika kata." Hakumtazama. "Nilifikiri polisi watakuhoji, hawataona kitu, watakurudisha."

"Nani alikwambia watu hurudi?"

Bibi Joha, aliyekuwa amejibanza mlangoni, alimjibia: "Marehemu mume wangu alipelekwa Kilosa kuulizwa jambo dogo wakati wa Mjerumani wa mkonge. Mpaka leo wanamuuliza."

*

Simoni alikuwa ameshaanza kupanga. Ghala lifungwe. Mashine isimame. Unga ulioko majumbani uzikwe, wasipewe kuku wala nguruwe.

"Tukiloweka na kuosha kama zamani?" aliuliza Yudith.

"Itapungua. Ibaki kiasi gani, sijui, na mimi nimechoka kuwaambia watu mambo nisiyoyapima. Tutaomba chakula wilayani."

"Tutakula nini leo?" aliuliza Gabrieli.

"Mihogo. Jogoo wa Bibi Joha."

"Jogoo ni wa mgonjwa!" Joha alifoka. Kisha akakunja uso. "Na yale magunia, je?"

"Magunia gani?"

"Yale ya jana. Mliyoyaimbia stesheni."

Kasian aliinuka ghafla hata kiti kikaanguka.

Jana, kwa gari moshi la mchana, Tushikamane ilipeleka unga wake wa kwanza wa zawadi. Magunia yaliyofungwa utepe, kwa watoto wa shule moja ya bweni kule Kimamba, ng'ambo ya Kilosa. Kasian ndiye aliyechagua magunia. Alichagua yaliyojaa zaidi. Alisimama jukwaani, mkono mfukoni, akasema: watoto wa Kimamba nao waonje matunda ya umoja wetu.

Walitoka mbio kwenda stesheni, yaani kwa mbio wanazoweza watu wanaokula dona lile. Yudith alirudi kwa mtoto. Mwamvua alitoka pamoja na wengine, na Gabrieli, asiyejua kama bado anamlinda, alimfuata na bunduki.

Njia panda, vumbi. Landrova ya polisi. Koplo alitoa kichwa nje.

"Mwenyekiti, habari za kazi. Mtuhumiwa yupi?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Neno moja lingetosha. Mwamvua alisimama akamtazama Kasian usoni, akingoja neno lake.

"Subiri kwanza, koplo," alisema Kasian, akapita.

"Subirini tu, baba," Bibi Joha alimwambia koplo. "Bado wanachagua."

*

Simu ya stesheni ni ile ya kuzungusha mkono. Bwana stesheni, mzee Mathayo, aliwapisha bila kuuliza alipoona nyuso zao.

Kasian alishika mpini. Mkono ukateleza. Akashika tena, mpini ukagonga sanduku, ta-ta-ta-ta, lakini haukuzunguka. Dirishani watu walikuwa wameanza kujaa. Habari ina miguu, na nusu ya kijiji ilikuwa imefuata Landrova.

"Sogea," alisema Mwamvua.

Alizungusha yeye. Mkono wake ulizoea mchi na mwiko. Mpini ulikwenda kama jiwe la kusagia. Kilosa wakaitika, wakaunganisha. Kasian hakunyoosha mkono kupokea mkonga wa simu. Alikuwa anaangalia dirishani. Basi Mwamvua akauweka sikioni kwake mwenyewe.

"Kimamba! Kimamba, mnanisikia? Magunia ya unga kutoka Tushikamane yako wapi?"

Sauti ya bwana stesheni wa Kimamba ilikuja nyembamba, yenye furaha. "Yalifika! Wapishi wa shule walikuja na mkokoteni asubuhi. Unga mzuri, tumeusifu. Mna zaidi?"

"Wasiupike. Nenda kawaambie wamwage. Una dawa za wadudu."

"Nani anasema?"

"Mwamvua, mpishi wa Tushikamane."

"Mwamvua yule anayewapa watoto sumu?" Furaha ilikuwa imekwisha. "Habari zako zilitangulia unga, mama. Abiria wa gari la jana walitusimulia. Leo unataka shule nzima imwage chakula kwa neno lako?"

"Shule iko ng'ambo ya reli tu hapo. Kimbia, baba. Nitukane ukirudi."

"Nipe Mwenyekiti. Yeye akitamka kwamba unga wake una sumu, nitakimbia na bendera nyekundu mkononi. Wewe, hapana."

Mwamvua hakubishana. Alimgeukia Kasian, akamnyooshea simu kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mtu wa kuheshimiwa.

"Wanakutaka wewe," alisema. "Mimi siaminiki. Ulishasema."

Kasian alipokea kwa mikono miwili, na simu ikaanza kugonga kwenye shavu lake. Watu wote waliokuwa dirishani waliona mikono ile. Koplo alikuwa amesimama mlangoni, kofia kwapani, akimtazama Mwamvua, kisha Mwenyekiti, kisha Mwamvua.

"Hapa… hapa Mwenyekiti wa Tushikamane," alisema Kasian.

"Nakusikia, Mwenyekiti. Sema."

Kule nyuma, kijijini, hakuna aliyekuwa amekumbuka kuizima mashine: tu-tu-tu-tu.

Na mbele, ndani ya waya, mbali kama kitu kilichodondoka kisimani, Kasian alisikia kengele. Mwamvua, aliyesimama karibu, aliisikia pia, na akaitambua, kwa kuwa hakuna mpishi wa watoto asiyeijua kengele ile.

Kule Kimamba walikuwa wanaitwa kula.

"Mwenyekiti?" ilisema simu. "Nakungoja. Unga una sumu, au hauna?"